Uso Wako na Sindano ya Ujana

  

Leo tutazungumza juu ya uso wa mwanadamu, na juu ya sindano ambayo watu husema inarudisha ujana. Huenda mzee mmoja anayetusikiliza akauliza, "Jambo hilo latuhusu nini sisi?" Latuhusu, mzee wetu. Mabinti zetu wanaisikia habari hiyo katika simu zao kila siku, na mijini wanaambiwa ya kwamba sindano mbili tatu zitaondoa makunyanzi. Wako wanaoweka akiba kwa siri. Tena wako wengine ambao, wakisikia tu kwamba fulani amedungwa usoni, humhukumu papo hapo kuwa ni mtu wa majivuno. Hao wa kwanza na hawa wa pili wanahitaji kuujua ukweli wa jambo lenyewe. Basi na tuanze na ngozi.

Ngozi ya uso ina matabaka. Ile ya juu tunayoigusa ni nyembamba sana. Chini yake iko ngozi ya ndani, iliyo nene zaidi, na chini ya hiyo yako mafuta, kisha misuli na mifupa. Nguvu ya ngozi imo katika tabaka lile la ndani. Humo mna nyuzi nyingi za protini iitwayo kolajeni. Karibu theluthi moja ya protini yote mwilini mwetu ni kolajeni. Iko katika ngozi, iko katika mifupa, na iko katika kano zinazoishika misuli kwenye mifupa.

Mnaijua nyumba ya udongo. Kabla ya kukandika ukuta, fundi husimamisha nguzo, kisha hufunga fito kwa kamba. Udongo ndio unaoonekana, lakini fito ndizo zinazoushika. Fito zikioza, ukuta hubonyea na kupasuka, hata ukipakwa chokaa nyeupe namna gani. Ndivyo ilivyo kolajeni chini ya ngozi.

Nyuzi hizo husukwa na chembe hai ziitwazo faibroblasti. Mtoto akianguka akachubuka goti, hizo ndizo mafundi wanaokuja kuziba kidonda. Katika utoto na ujana mafundi hawa hufanya kazi kwa bidii. Lakini tangu mtu apitapo miaka 20 na kitu, kolajeni ya ngozi yake hupungua kwa kadiri ya sehemu 1 katika 100 kila mwaka. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma, upungufu huo huenda mbio zaidi. Katika miaka 5 ya kwanza anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi. Jua kali nalo huzikata nyuzi hizo, na moshi wa sigara vile vile. Sisi wenye ngozi nyeusi rangi yetu hutukinga kwa sehemu, na kwa hiyo makunyanzi ya jua hutuchelewa kuliko wenye ngozi nyeupe. Lakini kuchelewa si kukosa. Wahenga walisema, ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Kwa sababu hiyo watu wametafuta dawa ya uso tangu zamani. Wengi huanza na mafuta ya kupaka yaliyoandikwa "kolajeni" juu ya kopo. Ndugu zetu, kolajeni ni kitu kikubwa mno kupenya ngozi nzima. Mafuta hayo yaweza kulainisha ngozi ya juu, lakini hayafiki chini kuwa nyuzi mpya. Ni kupaka chokaa tu, na fito zabaki vile vile.

Wengine walijaribu sindano. Miaka ya 1900 ilipokuwa inaanza, madaktari wa Ulaya waliwadunga watu parafini, yaani namna ya nta, ili kujaza mabonde usoni. Matokeo yake yalikuwa mabaya. Nta ilihama mahali pake, ikafanya uvimbe mgumu, na wengine waliharibika uso kwa maisha yao yote. Baadaye, mwaka 1981, serikali ya Marekani ilikubali sindano ya kolajeni iliyotolewa katika ngozi ya ng'ombe. Ilibidi mtu ajaribiwe kwanza mkononi, maana miili ya wengine iliikataa. Na hata ilipokubalika, baada ya miezi michache ilikuwa imekwisha kuyeyuka, na makunyanzi yamerudi.

Ndipo likaja wazo jingine. Badala ya kuleta kolajeni ya mnyama, je, haiwezekani kuwaamsha mafundi walio ndani ya ngozi ya mtu mwenyewe, ili wasuke yao?

Kitu kilichotumiwa kwa kazi hiyo chaitwa asidi ya polilaktiki. Kwa madaktari wa upasuaji hakikuwa kigeni, kwa kuwa vitu vya jamii hiyo vilikuwa vimetumiwa kwa miaka mingi kutengeneza nyuzi za kushonea vidonda, zile zinazoyeyuka zenyewe bila kutolewa. Kwa sindano, kitu hicho husagwa kuwa unga laini sana. Daktari huuchanganya na maji safi yasiyo na vijidudu, kisha huudunga ndani kabisa ya ngozi.

Sikilizeni yanayofuata, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa. Mtu akitoka kwa daktari uso wake umejaa, na akijitazama katika kioo hufurahi. Lakini kilichojaa ni maji. Baada ya siku chache maji hunyonywa, na uso hurudi kama ulivyokuwa. Asiyeambiwa mapema hulia ya kwamba ameibiwa fedha zake. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Mwili umetambua kwamba kuna kitu kigeni ndani. Chembe za ulinzi huja kuzizunguka punje za ule unga. Wale mafundi, faibroblasti, huitwa nao, kama waitwavyo penye kidonda, nao huanza kusuka kolajeni mpya. Wiki hupita, na hata miezi, ngozi ikizidi kuwa nene kidogo kidogo. Wakati huo huo zile punje huvunjika zikawa asidi ya laktiki, ile ile inayotolewa na misuli yetu tunapokimbia, na mwisho huwa hewa ya kaboni na maji. Unga umekwisha, lakini nyuzi zilizosukwa zimebaki.

Kwa kawaida mtu hurudi kwa daktari mara kadhaa, wiki kadhaa zikipita kati ya sindano na sindano. Huagizwa pia kuukanda uso wake, mara nyingi dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5, ili unga usikusanyike mahali pamoja. Matokeo yaweza kudumu kama miaka 2. Iko sindano nyingine ya namna hii, iliyotengenezwa kwa madini ya kalsiamu yanayofanana na yale ya mifupa na meno yetu. Hiyo hujaza uso mara moja, kisha nayo huwaamsha mafundi, na hudumu mwaka mmoja au zaidi kidogo.

Basi mmeona, wapenzi wasikilizaji. Sindano yenyewe haina ujana ndani yake. Inachofanya ni kuleta usumbufu mdogo chini ya ngozi, na mwili ukajiponya. Anayejenga ni mwili, kwa uwezo ule ule aliotupa Muumba wetu wa kuziba kidonda cha mtoto aliyeanguka. Daktari hupiga hodi tu. Na kwa kuwa mwili ndio unaojenga, hauwezi kuharakishwa, wala haujengi sawasawa kwa watu wote.

Sasa tuwageukie wale wanaohukumu. Je, mwajua sindano hii ya asidi ya polilaktiki ilikubaliwa Marekani kwa ajili ya nani kwanza? Si kwa wacheza sinema, wala si kwa matajiri. Ilikubaliwa mwaka 2004, kwa jina la Sculptra, kwa ajili ya watu wenye virusi vya UKIMWI ambao mashavu yao yalikuwa yameingia ndani. Ruhusa ya kuitumia kwa makunyanzi ya watu wengine ilikuja baadaye, mwaka 2009.

Wengi wetu tunakikumbuka kipindi kile hapa kwetu Kenya. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipofika, watu waliokuwa wakingoja kifo waliinuka vitandani. Lakini mojawapo ya dawa zilizotumiwa sana wakati huo, iitwayo stavudini, ilikuwa na kasoro. Iliokoa maisha, lakini kwa wengi iliyanyonya mafuta ya uso. Mashavu yalibonyea, mifupa ikatokeza. Mtu alikuwa na nguvu, analima shamba lake, anasomesha watoto wake, lakini uso wake ulitangaza habari ambayo hakuwa amemwambia mtu. Watu walinong'ona sokoni na hata kanisani. Kuna waliohama viti vya mbele wakakaa nyuma, na kuna walioacha kuimba kwaya. Wengine, na hili ndilo la kuhuzunisha zaidi, walitamani kuacha dawa iliyowaweka hai, ili tu warudishiwe uso wao.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache stavudini kidogo kidogo, na dawa nyingine zikachukua nafasi yake. Zile wanazopewa wagonjwa wengi nchini siku hizi hazinyonyi mashavu namna ile. Kwa hiyo, ndugu unayetusikiliza nawe watumia dawa hizo, usiziache kwa hofu ya uso. Ukiona badiliko lolote, zungumza na wahudumu wa kliniki yako.

Lakini tulitafakari jambo hilo. Mtu aliyetaka kujazwa mashavu ili aweze kupita sokoni bila kunyoshewa kidole, je, huyo alikuwa na majivuno? Kumbukeni habari ya mtu mwenye ukoma aliyemjia Bwana Yesu. Ugonjwa wake ulionekana kwa macho, na kwa sababu hiyo alitengwa na watu. Bwana alinyosha mkono akamgusa. Hakumwambia kwamba ngozi ni jambo dogo. Alijua ya kuwa mtu akiharibika uso hupoteza na mahali pake kati ya watu, naye alimrudishia vyote viwili. Basi ukikutana na mtu aliyetengenezewa uso, awe ameungua kwa moto, awe ameumwa, awe amepatwa na ajali, usiwe mwepesi wa kusema. Hujui alikotoka.

Tukiisha kusema hayo, tuwarudie mabinti zetu na akina mama wanaoweka akiba. Kwenu tuna maneno matano, nasi tunawasihi myashike.

La kwanza, jueni nani anayedunga. Hii si kazi ya saluni, wala ya rafiki aliyejifunza kwa kutazama picha katika simu. Uso umejaa mishipa ya damu. Dawa ikiingia ndani ya mshipa kwa makosa, yaweza kuziba damu, na ngozi ya mahali hapo ikafa. Imetokea hata mtu akapofuka jicho. Daktari aliyesomea kazi hiyo huijua mishipa ilipo, na huzijua dalili za hatari. Nchini petu madaktari huandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Uliza kama huyo unayemwendea ameandikishwa. Asiyetaka kuulizwa, mwache.

La pili, jueni kwamba dawa hii ikiisha kuingia haitolewi kwa urahisi. Ziko dawa nyingine za kujaza uso, za asidi ya haialuroniki, ambazo daktari anaweza kuziyeyusha kwa dawa ya kinyume. Hizi za kuamsha kolajeni hazina dawa ya namna hiyo. Zikifanya vinundu chini ya ngozi, na vinundu vyaweza kutokea hata baada ya miezi mingi, mgonjwa hana budi kuvivumilia au kutibiwa kwa muda mrefu.

La tatu, na hili latugusa sisi Waafrika zaidi, jichunguzeni makovu yenu. Wako watu ambao wakikatwa au kutobolewa masikio, kovu huvimba likakua kupita kidonda chenyewe. Hilo huitwa kiloidi, nalo huwapata zaidi watu weusi. Maana yake ni kwamba mafundi wa mwili wa mtu huyo wakiamshwa hawajui kusimama. Mtu wa namna hiyo hafai kudungwa asidi ya polilaktiki, na maagizo ya watengenezaji wenyewe yasema hivyo. Basi kama una kovu la kiloidi, au unajua una asili ya kupata makovu hayo, mwambie daktari mapema, na ukubali akikukataza.

La nne, jihadharini na sindano chafu. Mwaka 2018, katika jimbo la New Mexico kule Marekani, nyumba moja ya urembo isiyo na leseni ilifungwa. Ilikuwa ikitoa huduma iliyo jirani na hii tunayoizungumza, ya kuutoboatoboa uso kwa sindano ndogo ndogo na kuupaka maji ya damu ya mtu mwenyewe, ili ngozi isuke kolajeni mpya. Vifaa vya kutumiwa mara moja vilikuwa vikitumiwa tena. Mwaka 2024 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza kwamba wanawake wasiopungua 3 walikuwa wameambukizwa virusi vya UKIMWI kwa njia hiyo. Tafakarini. Wako waliotafuta sindano ili kufuta usoni alama za ugonjwa ule, na hawa wakaupata ugonjwa wenyewe kwa kutafuta urembo. Tofauti haikuwa urembo. Ilikuwa ni uaminifu wa mkono uliowadunga.

La tano ni la mfukoni. Ngozi iliyosukwa upya itapungua tena, kwa kuwa miaka haisimami. Anayeanza ajue ya kwamba baada ya miaka miwili hivi ataambiwa arudi. Kama fedha hizo ni karo ya mtoto, au ni za mkopo, basi uso utajaa na nyumba itabonyea. Wala msidhani asiye na fedha hana la kufanya. Kofia pana au mwavuli wakati wa jua kali, kuacha sigara, na kula matunda na mboga, mapera, machungwa na sukuma wiki, hayo huzilinda nyuzi ulizo nazo. Mwili hauwezi kusuka kolajeni njema bila vitamini C, na mapera ya shambani yana vitamini C nyingi sana.

Mwisho, tuwatazame wazee wetu. Katika jamaa zetu uso wenye makunyanzi haukuwa uso wa kufichwa. Ulikuwa uso wa kuombwa shauri. Mtoto alipogombana na mwenzake, alipelekwa mbele ya uso wa namna hiyo. Kijana alipotaka kuoa, alikaa chini mbele yake akasikiliza. Ikiwa leo mama wa miaka 55 anaona haya kwa sababu ya uso wake, tusiulize tu anasumbuliwa na nini. Tuulize ni nani aliyemwambia kwamba uso huo umepungua thamani. Labda ni tangazo la biashara. Labda ni mume wake. Enyi waume, hebu mjisikilize mnavyozungumza nyumbani. Neno moja la dharau juu ya uso wa mama limewahi kumsukuma mtu mpaka kwenye sindano ambayo hakuihitaji, na neno moja jema lingemzuia.

Hatukusema leo kwamba kudungwa ni dhambi, wala hatukusema kwamba ni wokovu. Ni kazi ya tabibu. Mikononi mwa mwaminifu yaweza kumrudishia mtu aliyeumia mahali pake kati ya wenzake, na mikononi mwa mlaghai yaweza kuharibu uso ambao haukuwa na neno. Anayetaka, na aulize kwanza, angoje, ahesabu gharama. Asiyetaka, na auvae uso wake kwa amani, kwa maana Mungu aliyetuumba haangalii kama waangaliavyo wanadamu.